Kinyozi Anaomba Kipimo Chake cha Sukari Kinyamazishwe

Kwa Daktari Mkuu wa Hospitali,
Kwa mkono wa mlinzi wa getini, ambaye ndiye ninayemwamini.

Ndugu Daktari Mkuu,

KUHUSU: OMBI LA KURUDISHA KIPIMO KINACHOPELEKA HABARI HOSPITALI BILA KUTUMWA

Baada ya salamu na heshima zote, natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, ingawa kwa kazi yako najua umezungukwa na wasio wazima. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinatazamana na soko, mlango wa bluu, kati ya fundi cherehani na duka la matairi. Nina kisukari cha siku nyingi, na siku zote hizo sijawahi kuilalamikia hospitali yako, hata pale mlipohamisha choo bila kutuambia.

Kama unavyojua, mwanzoni mwa mwaka huu kliniki yetu ilituambia tusije tena kupanga foleni kila mara. Kila mmoja akapewa kipimo kidogo cha kuingia mfukoni. Asubuhi unajitoboa kidole, unaweka tone la damu, namba inatokea, na kabla hujafuta kidole kipimo kimeshaiambia simu yako, na simu imeshamwambia nesi. Nesi mwenyewe anakaa huko kwenu mbele ya kompyuta, anatuchungulia mmoja mmoja kama mtu anayefunua masufuria jikoni. Tuliambiwa huu ni urahisi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, na kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu wangu niwe wa kwanza kulalamika.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kipimo hakina ratiba. Zamani kliniki ilikuwa na tarehe, na mtu mwenye akili zake alijiandaa. Siku chache kabla, niliachana na soda, nilikwenda kazini kwa miguu, nilikula mboga mpaka mke wangu akaanza kunihurumia. Nikifika kwenu, sukari yangu imetulia kama maji ya mtungi. Nesi alinisifu mbele ya wenzangu. Kisha sisi tuliofaulu tulivuka barabara hadi ule mgahawa unaotazamana na geti lenu, tukajipongeza kwa keki. Ulikuwa utaratibu mzuri wenye kuheshimu pande zote: ninyi mlipata namba nzuri, sisi tulipata keki. Sasa kipimo kinataka namba kila asubuhi. Daktari, hata watoto wa shule wana likizo.

2. Kipimo ni kimbeya, na umbeya wake umeingia ndani ya ndoa yangu. Binti yangu alipohitimu chuo tulifanya sherehe ndogo nyumbani. Mimi ndiye baba yake. Nilikula kipande kimoja cha keki mbele ya kamera, na vingine ambavyo kamera haikujaliwa kuviona. Asubuhi yake simu ikalia hata uso sijanawa.

“Shikamoo, baba. Jana tulikuwa na sherehe?”

Tulikuwa! Utadhani naye tulimwalika. Nikamjibu kwa upole, “Marahaba. Hapana, sista, ni mawazo tu.”

“Mawazo hayo yalikuwa na krimu juu, baba?”

Nikageuka kumtazama mke wangu. Naye akawa anatazama dirisha, dirisha ambalo halina chochote cha kutazama. Baadaye niligundua kwamba katika simu yake nesi wako amehifadhiwa kwa jina la “Mdogo Wangu”. Wanaongea. Mke wangu siku hizi haniulizi nimekula nini; anauliza hospitali, kisha anakuja kunijulisha. Daktari, mke wa kwanza nilimuoa kwa hiari yangu. Huyu wa pili nimeletewa na serikali.

3. Miguu yangu imekuwa mali ya umma. Kila Jumatatu nesi hupiga simu ya video ili azikague nyayo zangu, kwa maelezo kwamba mwenye kisukari anaweza kuumia mguu asihisi. Sikatai. Lakini hupiga nikiwa kazini. Mteja yuko kwenye kiti, povu limejaa mashavuni, wembe uko hewani, na mimi nimeinua mguu mmoja juu ya meza ya poda. Kwa kuwa kibanda kina kioo mbele na kioo nyuma, mguu mmoja unaonekana kama miguu ya kijiji kizima. “Geuza kidogo, baba, nione katikati ya vidole.” Karani mmoja mstaafu, mteja wangu wa miaka na miaka, siku hizi ananyolewa kwingine. Waliobaki ni wale wasio na aibu, na hao nao wameanza kumuuliza nesi habari za magoti yao. Kibanda changu kimekuwa tawi la hospitali lisilo na bango.

Ni kweli kwamba katika ukaguzi huo nesi aliona kidonda kidogo kisiginoni ambacho mimi sikuwa na habari nacho. Ni kweli pia kwamba kilitibiwa kikapona. Lakini kidonda kilikuwa changu, na nilikuwa na haki ya kukigundua mwenyewe kwa wakati wangu.

4. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Kipimo ni kiongo. Nina ushahidi.

Baada ya ile habari ya keki, nesi aliniambia kwamba asubuhi inayofuata atakuwa anaitazama namba yangu kwa macho mawili. Nilipofika kibandani nilijua namba yenyewe haitampendeza. Kwa kutomtakia kijana wa watu mfadhaiko, nikaona bora niazime damu.

Jirani yangu mwenye duka la matairi anaitwa Chuma. Jina hilo tulimpa mtaani kwa sababu hajawahi kuugua. Hajui kidonge kinamezwaje. Huwa anatucheka sisi wagonjwa, anatuita mikokoteni. Ukitaka kumjua mtu mwenye afya, ndiye huyo. Anakunywa maji kuliko mtu yeyote sokoni: dumu zima linaisha kabla ya mchana, jambo ambalo ninyi wenyewe mnatuhimiza. Figo zake zinafanya kazi vizuri mno, maana hakuna saa utakayopita usimkute anaelekea chooni. Kitambi alichokuwa nacho mwaka jana kimeisha bila mazoezi wala kujinyima. Mkanda wake ameutoboa matundu mapya kwa bisibisi ya dukani. Na ana usingizi wa mtu asiye na deni: anakaa juu ya tairi kungoja mteja, ukigeuka ameshalala.

Basi nikamwomba tone moja. “Chukua hata kikombe,” akasema, akanyoosha kidole chenye grisi. Nilikifuta kwa spiriti, kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, kikakauka, nikatoboa, nikaweka.

Kipimo hakikuandika hata namba. Kiliandika JUU. Neno hilo tu, kama mtu aliyekosa adabu.

Simu ikalia papo hapo. “Baba, uko wapi? Uko na nani? Kaa chini. Usisimame. Gari linakuja.”

Nilitaka kumweleza. Nakuapia nilitaka. Lakini Daktari, mtu anaanzaje kumwambia mtoto wa watu kwamba damu aliyoiona ni ya muuza matairi? Nikasema tu, “Sista, mimi sijambo.” Akasema hivyo ndivyo wanavyosema wote.

Gari likaja na king’ora. Soko zima likasimama. Kwenye kiti changu alikuwa kijana anayekwenda kwenye usaili wa kazi. Nilikuwa nimemaliza shavu la kulia. Nikachukuliwa nimelazwa kwenye machela, mkasi mkononi, nikimwambia kijana arudi kesho, naye akiniambia usaili ni leo. Chuma ndiye aliyesaidia kunipandisha garini. Alishika upande wa kichwa. Alihema sana, nikasema moyoni: tazama upendo wa jirani.

Kwenu nilipimwa upya nikaonekana na sukari ya mtu aliyekula keki, basi. Daktari aliyenipokea alikuna kichwa, akasema huenda sikunawa mikono, sukari ya keki ikabaki kidoleni. Sikutaka kumchanganya, nikakubali. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikiwa na mkasi wangu na bila heshima yangu.

Sasa tufikiri pamoja, Daktari. Ikiwa kipimo kinaweza kumsingizia ugonjwa mtu mwenye afya kuliko wote sokoni, je, sisi wagonjwa kinatusingizia nini? Mmbeya tunaweza kuvumiliana naye, kwa sababu angalau anasema kweli. Lakini mmbeya mwongo anavunja nyumba.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, kipimo changu kirudishwe kwenu na simu yangu ibaki simu. Pili, benchi la kliniki lirudishwe pale lilipokuwa, na tarehe zitangazwe mapema ili watu wajiandae kwa heshima. Tatu, nesi aelekezwe kwamba mke wangu si mdogo wake wala dada yake. Nne, hospitali imwandikie Chuma barua ya kumwomba radhi kwa damu yake kutukanwa. Mwenyewe hajui kwamba imetukanwa. Nilipomuuliza juzi kama anajisikia vizuri alisema macho yanamwona kila mtu wawili wawili, nikajua ni furaha.

Nakuandikia haya bila chuki. Msalimie sana mama wa mapokezi, yule daktari aliyekuna kichwa, dereva wa gari la wagonjwa ambaye anaendesha vizuri ila king’ora chake kinazidi, na yule bibi wa mizani anayesema uzito wetu kwa sauti kubwa. Nesi naye msalimie, lakini si kwa namna ya kumtia moyo.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu,
Kinyozi wa mlango wa bluu.

Nyongeza: Daktari, barua hii nilikwisha kuitia kwenye bahasha. Nikiwa natafuta gundi, mke wa Chuma aliingia kibandani bila viatu. Alinivuta mkono.

Chuma alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea matairi, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia kupanda mlima. Mdomo ulinuka kama matunda yaliyooza. Nilimwita, akanijibu maneno yasiyo maneno. Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti na chupa ya soda iliyofunguliwa, anasema sukari imemshuka, tumnyweshe. Watu wakaafiki. Mimi nilikuwa na kipimo mfukoni, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kukirudisha. Nikamtoboa kidole. Kikaandika JUU.

Nilimpokonya fundi soda, nikaimwaga. Simu ikalia.

“Baba, kaa chini, usi—”

“Sista,” nikasema, “mimi nimekaa. Damu si yangu. Na ile ya siku ile nayo haikuwa yangu.”

Nilivua kofia. Naye akasema kwa sauti ileile, “Nioneshe uso wake.” Nikaishika simu juu yake. Mke wa Chuma akanishika kiwiko. Nesi akatuambia tumlaze ubavu, tusimpe kitu mdomoni, tumfungue mkanda, tuendelee kumwita kwa jina. Akauliza jina lake halisi. Sokoni hapakuwa na aliyelijua zaidi ya mkewe. Tukaliita mpaka gari likafika, na mara hii sikuona kosa lolote kwenye king’ora.

Nilikaa nje ya wodi yenu na mke wa Chuma. Jioni mlimtuma mtu kutuita. Chuma alikuwa na dripu mkononi na macho wazi. Aliniangalia muda, akaniuliza nani amebaki dukani. Nikajibu fundi cherehani. Akasema, “Atauza tairi kwa mita yule.” Nikatoka nje kidogo, kwa sababu ya vumbi machoni.

Nesi wako alipita hapo akitoka zamu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mzima mzima, si kichwa tu. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Nilitaka kumwomba radhi, akaniwahi: “Baba, umekula?”

Kwa hiyo, Daktari, naomba uisome barua hii kama imeandikwa na mtu mwingine. Kipimo sikirudishi. Ningeichana, lakini mwandiko umetoka vizuri, na salamu zilizomo ni za kweli.

Chuma naye ameruhusiwa na amepewa kipimo chake. Leo asubuhi amekuja kibandani ana hasira, anasema nesi amempigia akiwa chini ya lori, akamuuliza chapati alizokula jana zilikuwa ngapi, na habari hiyo imetoka kwa mkewe. Amesikia kwamba mimi ni mwandishi mzuri wa malalamiko, anataka nimwandikie yake kwako. Nimemkalisha kwenye kiti, nimempaka povu, nikamwambia kalamu imeisha wino.