Niliyemwambia Alambe Ukuta

Jamani, leo sijui hii sura nikaifiche wapi.

Iko hivi. Nyumba yetu hapa Katoro ina dohani ya kutolea moshi jikoni. Ukuta unaoizunguka unalowa na kutoa unga mweupe. Nikakwangua, nikapaka rangi. Unga ukarudi! Nikakwangua tena, nikapaka rangi ya mafuta (fundi ni mimi mwenyewe, elimu ya video za kwenye simu). Ikavimba kama andazi.

Na kesho mama mkwe anakuja kutoka kijijini huko Maganzo, aione nyumba kwa mara ya kwanza. Tangu siku ya posa anasema mimi ni mdomo tu. Nami, kwa mdomo huohuo, nilishamtumia salamu kwamba nyumba haina kasoro.

Basi leo mchana nikapanda juu ya bati na ndoo ya maji. Nimevaa bukta, tena iliyochanika. Mpango: mimi namwaga maji pale bati linapokutana na dohani, mke wangu, Mama Kulwa, yuko jikoni anautazama ukuta kama maji yanapenya.

"Unaona?" nikaita kupitia tundu la dohani.

"Bado!"

Nikamwaga tena. Pikipiki ikasimama nje (Katoro hii, nani anashughulika na pikipiki?).

"Sasa unaona?"

Kimya.

"We mwanamke, si nakuuliza?"

Jua linaniwakia utosini, miguu inaungua. Hasira zikanipanda.

"Umeshalala? Ndiyo ukoo wenu huo, mkikaa kidogo tu mnasinzia! Hebu lamba huo ukuta uniambie kama huo unga ni chumvi!"

Ikapanda sauti ya taratibu, ya mtu mzima:

"Ni chumvi, baba."

Mayu wane, mama yangu wee! Mama mkwe!

Amekuja leo. Mama Kulwa alikuwa ametoka kumpokea, akapeleka mizigo chumbani, na mama akapitiliza jikoni. Jamani, sisi Wasukuma mama mkwe unampisha njia, ukikutana naye unainamisha macho. Mimi nimesimama juu ya kichwa chake na bukta iliyochanika, nimeutukana ukoo wake, na nimemlambisha ukuta! Na kweli kaulamba!

Nikajibanza nyuma ya dohani. "Shikamoo, mama," nikasema ndani ya tundu (ningefanya nini?).

"Marahaba, baba. Pole na kazi."

Ile pole iliniuma kuliko tusi.

Mpaka sasa naandika nikiwa huku juu. Bati linachoma. Kushuka siwezi, mama ameketi kwenye kigoda pembeni ya ngazi, anakunywa chai yake polepole. Sasa hivi Mama Kulwa amekuja hapo chini, kajiziba mdomo na kanga, mabega yanamtikisika.

"Baba Kulwa, mama anauliza, aulambe na upande wa pili?"

Ndugu zangu, msinicheke. Hao wa hapo chini wanatosha.