Bahari Ikorogwe Kwanza Ndipo Muionje

Kwa Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Kupima Chumvi ya Bahari,

Mwanangu, salamu nyingi. Mimi ni bibi yake yule binti wa meza ya dirishani, anayesoma vipimo vya setilaiti. Shule sikukanyaga, anayeandika ni mkwe wangu kinyozi, na nimemkataza kunilainishia maneno.

Mjukuu wangu alikuwa aje likizo. Juzi kapiga simu: "Bibi, siji. Mvua imenyesha baharini, vipimo vimevurugika." Jamani! Shuka zake nimeshaanika. Nimemkumbuka mpaka paka namwita kwa jina lake. Kwa hiyo nalalamika:

1. Kanieleza kuwa setilaiti yenu inaonja bahari juujuu tu, hata kidole hakizami. Mvua ikinyesha, maji yake yanaelea juu, setilaiti inatangaza chumvi imepungua. Kumbe chini chumvi iko palepale, na maboya yenu yanayopima ndani ya maji yanaiona. Mwanangu, nani kakufundisha kuonja mchuzi bila kukoroga?

2. Eti mnangoja upepo uichanganye bahari. Upepo! Kwangu mimi, anayengoja upepo umkorogee sufuria hulala njaa. Ifungieni setilaiti mwiko mrefu.

3. Mwiko usipofika, bahari ifunikwe. Sufuria yangu tu ina kifuniko, sembuse mali ya dunia nzima?

4. Na hilo likiwashinda, ishusheni setilaiti mniajiri mimi. Ulimi wangu haujakosea chumvi tangu niolewe. Mjukuu aje kulala, mimi nikalie kiti chake.

Nisalimie mlinzi, mfagizi na wote hapo ofisini. Huyo anayepanga zamu nitamsalimia mwenyewe, uso kwa uso.

Ni mimi, mwenye hasira na anayewapenda,
Bibi wa Binti wa Dirishani

Tanbihi: Nimemzuia kinyozi asifunge bahasha. Mjukuu kaingia, kalowa chapachapa. Kumbe wewe mwenyewe ndiye uliyemruhusu! Kwa furaha nikaisahau sufuria uani, wazi, mvua ikaingia. Nikaonja juujuu: chumvi hakuna. Nikaongeza. Nikaonja, nikaongeza tena. Mtoto kala tonge moja, kanywa maji jagi zima, kisha kaniuliza kwa adabu: "Bibi, ulikoroga?"

Kazi msinipe. Ila yeye mwacheni huku mpaka upepo uikoroge bahari. Hapa kwetu umetulia tuli, hata jani halitikisiki.