Kitufe Chenye Kijua

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, makaimu wao, na makaimu wa makaimu. Ndugu zetu wa masjala mliosimama kwa kuwa viti vimewahiwa. Madereva, akina mama wa usafi, na shemeji yangu mpiga picha, aliyepata kazi hii kwa kipaji chake tu: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Shemeji anapiga picha.)

Leo ninazindua Mradi Jumuishi wa Utatuzi wa Matatizo ya Skrini za Laptop, ambao kwa miezi mitatu umefanyiwa upembuzi yakinifu, tathmini shirikishi na uchambuzi mtambuka, ukafikia asilimia tisini na saba ya utekelezaji, tatu zilizobaki zikiwa za kukata utepe. (Makofi.) Ripoti yake yote imo ndani ya laptop hii hapa mezani, na ningewasomea sasa hivi kama skrini isingekuwa giza. (Minong'ono.)

Nitoe historia. Siku nilipoutangaza mradi huu, miezi mitatu iliyopita, kulikuwa na joto, feni imekufa, nami kwa ubunifu wangu nikaona kwenye kibodi kitufe chenye picha ya kijua. Nikakibonyeza ili nipunguze jua. Nikabonyeza tena na tena, na kwa kweli ofisi ikapoa (kicheko, naomba utulivu), ila kwa bahati mbaya, dakika hiyohiyo, skrini ikazama gizani. Kwa kuwa aliyeitumia kabla yangu ni mhazili wangu niliyemwagiza aandike ripoti, mama yule pale mlangoni mwenye sweta la kijani, chanzo nikakitambua papo hapo. Kesho anahamia stoo ya viti vilivyovunjika, baada ya miaka kumi na tisa mezani kwangu. Sina kinyongo naye. Sheria ni msumeno.

Hatukulala. Niliagiza laptop isizimwe wala kuchomolewa kwenye umeme, ibaki kama ushahidi. Kamati ya watu tisa ikakaa vikao kumi na vinne: kimoja kiliagiza ifutwe vumbi, ikafutwa, kingine kikaagiza ibadilishiwe mazingira, tukaihamishia meza ya dirishani. Fundi wa hapo nje aliomba aiangalie dakika moja tu, tukamkatalia, maana hakuwa na barua ya utambulisho.

Naona mhazili amenyoosha mkono. Mama, hotuba haijaisha. Anasema naye anataka dakika moja. Haya, mpisheni, huu ndio utawala bora. (Mhazili anapenya katikati ya viti, anabonyeza kitufe mara kadhaa. Skrini inawaka. Vigelegele.)

Ndugu wajumbe, asilimia mia moja! Umebonyeza nini, mama? Kijua? Aa, kile cha pili, kikubwa. Kile kidogo kinapunguza mwanga. Wa skrini, si wa ofisi. (Kicheko.) Tuendelee. Dereva wangu, wewe uko mbele na una macho mazuri, tusomee ripoti wasikie hadi nyuma.

(Dereva anasoma: "Mkuu, huu mradi uliotangaza haujaanza, na hauna hata faili. Kwenye ripoti niandike nini?" Kicheko kirefu. Mama mmoja wa usafi anakaa chini kabisa.)

Naam. Swali zuri la mhazili wangu, limenisubiri kwenye skrini miezi mitatu. Nimeona aibu, nasema wazi, na mama, unisamehe. Uhamisho umefutwa. (Makofi marefu kuliko yote.) Msinisifu sana: barua yake ilikuwa ichapwe kwenye laptop hiihii, kwa hiyo nayo haikuwahi kuwepo.

Kijua kikubwa! (Juu!) Kijua kidogo! (Tusikiguse!) Nawashukuru nyote kwa kuja kuzindua mradi ambao haupo, na utepe huu msiukate, tutautumia mradi ukiwepo. Shemeji, hapa usipige.

(Shemeji anapiga.)