Barua Tatu za Uzamili

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo mlangoni mwa maabara. Chuo chetu cha udaktari wa mifugo kinachukua wanafunzi wa uzamili: vimelea, kinga ya mwili au magonjwa ya tishu. Kila idara nafasi moja. Miaka kumi na moja naosha vioo vya hadubini hapa. Hii mara ya nne naomba. Nimechoka jamani. Dada, ninayekaa kwake, kasema mdogo wangu, chagua unachokipenda kweli, uandike barua moja. Dada hajui mambo ya mjini. Nimeandika tatu.

Jumanne, 4 Machi
Barua zimekwenda. Kila moja inaapa idara hiyo ndiyo niliyoiota tangu utotoni. Nimebadilisha neno moja moja tu. Akili! Ila Miwani, fundi wa meza ya jirani, naye anataka vimelea. Nikamnong'oneza kwamba profesa wa huko ni mkali, mwanafunzi wake wa mwisho aliacha masomo akaenda kuuza magodoro. Akanishukuru. Akakimbilia kinga ya mwili.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani kachukuliwa kinga ya mwili. Maabara nzima vigelegele. Kaniletea soda, kasema bila mimi asingethubutu. Nimeinywa. Chungu.

Jumanne, 11 Machi
Nimeitwa. Wakuu watatu wa idara, meza moja, barua zangu zimetandazwa kama karata. Nani alijua wanakaa pamoja! Profesa wa vimelea, mama mmoja mpole, akazisoma kwa sauti. Kwenye ya tatu nilisahau kubadilisha neno. Nimemwapia mkuu wa tishu kwamba nilizaliwa kwa ajili ya minyoo.

Nikapangusa uso kwa mkono wa shati. Jasho.

Mama akaniuliza, bila kejeli, mwanangu, miaka yote hiyo umeona nini kwenye hadubini kikakufurahisha? Sikuwa na uongo wowote tayari. Nikaeleza mnyoo wa ini la kondoo. Mayai yake ya njano, yanang'aa kama dhahabu, nayatambua kabla daktari hajavaa koti. Nikasema mpaka koo likakauka. Mkuu wa tishu akaacha kutazama saa.

Nimepewa nafasi ya vimelea! Sharti: andiko la utafiti, kurasa tano, kwa maneno yangu mwenyewe, Ijumaa. Dada kalia. Nami nimelia, nikasingizia kitunguu.

Jumatano, 12 Machi
Kurasa tano! Nimeandika kichwa cha habari, nikaishiwa nguvu. Nikajikokota maktaba. Rafu ya chini kabisa nimekuta tasnifu ya mnyoo wa ini, vumbi limelala, haijaazimwa miaka ishirini. Nani ataikumbuka? Nimenakili kurasa nne, mkono unauma, roho imetulia. Mwandishi ana jina moja na mama profesa, la kwanza mpaka la ukoo. Ah, majina hufanana bwana.