Machozi ya Kumlilia Roboti

Jumatatu, 3 Juni
Mguu mmoja kaburini, na bado nimelazwa sebuleni mkabala na televisheni. Tamthilia ya roboti. Roboti kamuuguza kikongwe, kikongwe kafa, sasa mahakama iamue: ni mtu, au ni chombo cha kuzimwa? Binti yangu akalia. Mumewe, fundi wa majokofu, naye akapenga kamasi. Nimefundisha falsafa ya maadili maisha yangu yote; leo somo lilelile linafundishwa na kopo la bati. Mimi nilipokohoa, waliongeza sauti.

Jumanne, 4 Juni
Mkwe kasema mtu si damu wala pumzi. Mtu ni yule ambaye akiondoka nyumba inapwaya. Nikamuuliza kasoma wapi hayo. Akasema kwenye majokofu, mzee wangu: likizima ndipo watu wanajua lilikuwepo. Binti akacheka. Jeuri! Lakini swali limeniingia. Nikizimika mimi, atalia nani? Lazima nijue mapema. Baadaye sitakuwa na nafasi ya kuhakikisha.

Jumatano, 5 Juni
Mpango kabambe. Kesho ni hukumu ya roboti. Jaji akifungua kinywa tu, nakata roho. Wakichagua bati, nitakuwa nimewajua. Nimefanya mazoezi ya kulegeza taya. Binti kauliza kama jino linaniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Jaji kafungua kinywa. Nikakoroma, nikalegea. Binti akazima televisheni papo hapo, akanirukia, baba usiniache, machozi yake yakiniingia sikioni. Ushindi. Ningebaki vilevile. Ila jaji alikuwa kazimwa kabla hajamaliza, nami nikafumbua jicho moja nikauliza hukumu imekuwaje.

Ijumaa, 7 Juni
Binti hasemi nami. Kaleta uji, kaondoka. Hata hukumu hawataki kuniambia. Asubuhi pumzi ilinibana, kweli safari hii. Nikaita. Mkwe akachungulia mlangoni, akauliza, mzee, haya ni marudio? Kisha akaniona uso, akaja mbio, akaniinua, akaniegemeza kifuani kwake mpaka hewa ikarudi. Kachelewa kazini. Hakudondosha hata chozi moja.

Asiye na utu katika nyumba hii nimeshamjua. Binti kafaulu, amebaki mkwe. Jumatatu nakata roho tena, na sifumbui jicho mpaka alie.