Funguo za Kijiji cha Kaskazini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Umoja wa Ustawi wa Wakenya wa Edmonton na Vitongoji Vyake, ambaye kwa mujibu wa katiba ni mimi pia. Katibu wetu mchapakazi, Bwana Victor. Mdhamini wetu wa mkaa, Bwana Keyur, mwenye duka kule Wembley. Wachungaji wa makanisa yote mliofika na wale mlio njiani. Ndugu zetu wa Pwani mkiongozwa na Mzee Ameir. Wenyeviti wa kamati zetu zote kumi na moja, makamu wenyeviti, makatibu, makatibu wasaidizi, na wanakamati wa kawaida ambao nimeambiwa ni wawili. Kina mama, kina baba, na vijana wetu mnaosikia Kiswahili vizuri sana na kujibu kwa Kiingereza. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtoto analia, anapewa andazi.)

Nasimama mbele yenu hapa Landani asubuhi hii ya Jumamosi nikiwa mnyenyekevu, ingawa wengi wameniambia kwamba unyenyekevu wangu umepita kiasi na unawanyima wananchi nafasi ya kunifahamu. Naona mmekuja na masanduku, mablanketi na sufuria. Mama Bridget naona amekuja na jiko. Basi letu limeegeshwa hapo nje, na hiyo, ndugu zangu, ndiyo sura ya jamii iliyo tayari kwa delivery. Kwa faida ya waliocheleweshwa na treni, nirudie kwamba leo ninakabidhi rasmi funguo za Kijiji cha Mapumziko cha Kaskazini, chenye nyumba ishirini na nne za mbao kando ya ziwa, mahali ambapo kila mwanachama aliyejiandikisha atakuwa na baraza yake, atavua samaki wake, atachoma nyama yake bila jirani kupigia zimamoto, na kwamba tukitoka hapa tunapanda basi na kwenda huko moja kwa moja. (Makofi, vigelegele. Sufuria inaanguka.)

Wengine wenu mmezoea kuziita vibanda. Nawaomba tuache. Kibanda ni cha sukuma wiki na banda ni la kuku; hizi ni recreational units. Mwingereza akichoka huenda zake mashambani, akavaa buti, akatembeza mbwa kwenye matope na kurudi akiwa amenona mashavu. Sisi tukichoka tunapumzikia wapi? Kwenye basi la usiku, kati ya shifti na shifti! Tukiambiwa tupunge hewa, tunafungua dirisha na kutazamana na dirisha la jirani, naye amefungua lake apunge yetu. Ni hali hiyo iliyonifanya mimi binafsi, kwa gharama ya usingizi wangu, kuongoza feasibility study ya kina, ya kisayansi na shirikishi, ambayo ilibaini kwamba kaskazini ipo, na kwamba kadiri mtu anavyozidi kwenda huko ndivyo inavyozidi kuwa kaskazini. Asilimia tisini na saba ya stakeholders walisema wanapenda hewa, na waliobaki walikuwa hawajaelewa swali. (Kicheko. Mheshimiwa anangoja kiishe, kisha anaeleza kwamba hakuwa akifanya mzaha.)

(Dereva wa basi, Bwana Gurmit Singh, mzaliwa wa Kisumu, anachungulia mlangoni na kuomba aandikiwe anwani ili aiweke kwa simu.)

Karibu, Bwana Singh, karibu sana. Tumpigie makofi. Huyu ndiye transport partner wetu, na mwone alivyo makini. Anwani, Bwana Singh, itashuka kwako kupitia njia zake za kawaida. Kwa sasa nikueleze tu kwamba ni kaskazini, ama karibu na Scotland ama ndani yake.

Nimtambue kwa namna ya pekee mama mzazi wa dada yetu Lydia, ambaye sote tunamwita Shosho kama wajukuu zake wanavyomwita. Mnamjua Lydia. Anatunza wazee wa watu, anawaosha, anawalisha na kuwaimbia, halafu anarudi nyumbani ghorofa ya kumi na kumkuta mama yake mwenyewe amekaa dirishani. Shosho amekuja kutoka Nyahururu, na Alhamisi anapanda ndege kurudi. Tangu afike hajakanyaga udongo. Ni kapeti, lifti, lami, kapeti. Walipomuuliza anataka kuonyeshwa nini kabla hajaondoka, hakutaja kasri wala daraja. Alisema anataka kukaa nje kwenye nyasi, moto uwake, na aone ng'ombe wa huku wanafananaje, asije akaulizwa nyumbani Uingereza kukoje akajibu ni lifti. Shosho, maneno yako yaliniliza. Niliyaweka kwenye brosha, ukurasa wa pili, chini ya picha yangu. (Shosho, aliyevaa buti za mvua na kofia ya sufu, anaitikia kwa kichwa. Lydia, mwenye begi magotini, anauliza kwa upole kama watafika kabla ya giza, kwa kuwa likizo aliyopewa kazini ni hii tu.)

Swali zuri sana, dada. Nimelipokea. Litajibiwa chini ya mengineyo.

Sasa niingie kwenye utekelezaji, maana kuna watu kule Wembley, sitawataja, wanaosema Umoja huu ni wa maneno. Kamati ya Nyama Choma imekutana kila wiki bila kukosa na imeonja mbuzi wa buchari nne. Kamati ya Mavazi imewashonea kitenge kimoja, na pale mlipo mnang'aa. Kamati ya Maombi imeshaliombea ziwa, asubuhi na jioni, mpaka tukawasihi wapumzike. Kamati ya Ulinzi imepanga zamu za kulinda geti. Na Kamati ya Mipaka, hawa niwavulie kofia, imesuluhisha mgogoro mzito kati ya Mzee Ameir wa nyumba namba saba na Mama Bridget wa nyumba namba nane, ambao kila mmoja alidai baraza ya mwenzake inamziba asilione ziwa. Walikuwa hawasalimiani. Vikao vitatu vilikaliwa, soda zikanywewa, kila upande ukarudi nyuma hatua moja, na leo naona wameketi benchi moja. (Mzee Ameir anasema amesamehe lakini mti ule wa mpakani lazima ukatwe. Mama Bridget anasema mti ule ni wake.)

Mnaona? Hivyo ndivyo watu wenye mali wanavyozungumza.

Na sasa, Bwana Victor, niletee ufunguo. (Katibu anapanda jukwaani na ufunguo uliokatwa kwa karatasi ya boksi na kupakwa rangi ya dhahabu, wenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Makofi. Simu zinainuliwa.) Dada Lydia, pita mbele upokee kwa niaba ya wote. Simama hapa. Geuka kwenye kamera. Usiangalie ufunguo, niangalie mimi. Hapo, vizuri. (Lydia anaupokea kwa mikono miwili, anaugeuza upande huu na upande ule, kisha anauliza huu unafungua mlango upi, na ule wa kawaida, wa kutia mfukoni, atapewa na nani.)

Dada yangu, ufunguo kufungua mlango ni fikra za karne iliyopita. Ufunguo wa kisasa unafungua fursa. (Makofi machache, yote ya kamati.)

(Bwana Gurmit anarudi. Anasema hapo alipoegesha akiendelea kukaa ataandikiwa faini, na kwamba si lazima anwani nzima, hata jina la kijiji tu litamtosha.)

Bwana Singh, haraka haraka haina baraka, na hata wewe wa Kisumu unalijua hilo. Jina la kijiji ni Kijiji cha Mapumziko cha Kaskazini. Kama simu yako haikioni, ni kwa sababu tumewatangulia hao wa ramani.

Ndugu wananchi, nikiangalia mbele, naiona phase two. Naona kisima cha maji matamu. Naona bembea za watoto, zizi la mbuzi, uwanja wa mpira na ofisi ndogo yenye picha ya mwanzilishi. Mvua itakuwepo, siwadanganyi, lakini itakuwa mvua ya wanachama. Visubi wa huko, wale wadudu wadogo wanaouma, ni wakali, ila nimeunda kikosi kazi. Naona Mkenya wa Landani akiamka asubuhi, anafungua mlango, na jambo la kwanza analoliona si basi bali ni bata. Nani mwingine amewahi kuwaahidi bata? (Sauti kutoka nyuma: "Hakuna.") Asante sana. Andika hilo, katibu.

Sasa tusimame tuitikie pamoja. Kaskazini! (Yetu!) Hewa! (Safi!) Mbao! (Ngumu!) Mwenyekiti! (Mtu anakohoa.) Mnatakiwa kusema "Tena", iko kwenye ratiba. Uchaguzi ni mwezi ujao, tutafanya mazoezi.

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Namshukuru binti yangu Tatiana, aliyezichora zile nyumba ishirini na nne kwa kompyuta kama kazi yake ya chuo, akapata alama nzuri. Namshukuru Bwana Keyur kwa kutuazima kalenda ya dukani kwake, ambayo picha yake ya mwezi wa Juni ndiyo lile ziwa mlilolipenda kwenye brosha, na ambalo, kama alivyotuarifu yeye mwenyewe juzi, liko Uswisi. (Bwana Keyur anasema alifikiri wanalijua hilo.) Na zaidi ya yote nazishukuru kamati zetu kumi na moja, ambazo kila moja, kwa moyo mmoja, iliamini kwamba kamati nyingine ndiyo imetafuta ardhi, imani ambayo hata mimi nilikuwa nayo hadi Jumatano, katibu aliposoma majina ya kamati zote kwa sauti tukatambua kwamba Kamati ya Ardhi haikuwahi kuundwa, kwa kuwa siku ile watu watatu waligombea uenyekiti wake, mmoja wao akiwa mimi, na tukaahirisha ili kulinda umoja. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, natamka kwamba mchakato wa kutafuta mahali pa kukiweka Kijiji cha Mapumziko cha Kaskazini umezinduliwa leo rasmi. Asanteni sana, na Mungu awabariki.

(Lydia yuko bado jukwaani, ufunguo mkononi. Anasema, "Mheshimiwa, nyumba hata moja hakuna?")

Kwa maana ya nyumba, dada, hapana. Kwa maana ya maono, ziko ishirini na nne.

("Na basi la nini?")

Basi lilikuwa limeshalipwa, na Kamati ya Usafiri ndiyo pekee iliyomaliza kazi yake. Dada Lydia, usiniangalie hivyo. Nilitaka kuwaambia Jumatano. Nilishika simu, nikaanza na mama yako, akaniambia ameshapakia buti, na anauliza kama huko kuna kuni au abebe. Ningemwambia nini? Niliona haya. Mtu mzima nimekaa jikoni kwangu na haya zangu, nikaona heri niandike hotuba, maana hotuba ninaiweza. Zimebaki kurasa sita, na nyingine ni nzuri sana, naomba tuketi.

(Hakuna anayeketi. Shosho anainuka, anavua kofia na kusema, "Tuombe.")

Mama, kwa heshima zote, maombi ya kufunga kikao ni kipengele cha kumi na nane. Hapa tuko cha tisa.

(Kofia zimekwisha kuvuliwa. Shosho anaomba bila haraka. Anamshukuru Mungu kwa ulimi aliompa mwenyekiti, na anamwomba ampe na miguu. Anawaombea waliokesha na wagonjwa. Anaomba mafuta ya kutosha kwenye basi, mvua izuiliwe mpaka chai iive, na mahali popote penye nyasi ambapo hapajaandikwa kwamba watu wasipite. Ukumbi mzima unasema Amina.)

Amina. Lakini ndugu zangu, baada ya maombi ya kufunga hakuna tena kikao, mnalijua hilo, hakuna anayeruhusiwa kusema neno, iko kwenye katiba, niliiandika mimi. (Masanduku yanainuliwa. Mama Bridget anabeba jiko upande mmoja, Mzee Ameir upande wa pili. Lydia anauweka ufunguo juu ya meza kuu na kumshika mama yake mkono.) Kamati ya Itifaki, tafadhali, Mgeni Rasmi ndiye hutoka kwanza. Kamati ya Itifaki?

(Kamati ya Itifaki imeshatoka. Mlangoni Bwana Gurmit anauliza kwa mara ya tatu ni wapi. Lydia anamjibu, "Singh, shika barabara ya kwenda kaskazini. Mama akiona ng'ombe, simama.")

Hiyo si anwani. Bwana Singh, mweleze kwamba hiyo si anwani. (Bwana Gurmit anasema inamtosha. Ukumbi umebaki viti. Nje, injini ya basi inawaka, na anasikika Shosho akiuliza kama kiti hiki cha dirishani kina mtu.)

Ndugu zangu. Wananchi. Nani atakata utepe huko? Nani atazindua? (Kipaza sauti kinapiga mluzi, kisha kinasikika kikiwekwa mezani. Sauti ya Mheshimiwa sasa inatoka mbali, upande wa mlangoni.) Singh, usifunge mlango. Nakuja. Sina mzigo. Hotuba nimeiacha.