Ford ya Isidore na Mimi

Jumapili, 2 Julai 2023

Leo Isidore ametoa mzoga wake wa gari nje. Miaka sita amekuwa akigonga mabati kwenye banda lake, ua kwa ua na mimi. Miaka sita nimewaambia watu wa mji wetu wa Baraka kwamba jirani yangu ameharibikiwa akili. Leo mzoga umetembea!

Ni Ford ya mwaka 1924. Gari jeusi, linang'aa kama kiatu cha padri. Magurudumu yana njiti za mbao, amechongewa na fundi wa mitumbwi. Matairi ni ya pikipiki. Nimelitaja hilo la matairi mara nyingi, kwa sauti. Hakuna aliyesikia. Misa ya pili imekosa nusu ya waumini. Waislamu walikuwepo. Waprotestanti walikuwepo. Wote wanapapasa taa!

Gari langu jeupe lilikuwa palepale, limeoshwa, lina utepe. Kwa miaka kumi na moja hakuna bibi arusi wa Baraka aliyepelekwa na gari jingine. Leo mtu mmoja ameliegemea ili aone vizuri la Isidore. Ameliegemea! Kama ukuta!

Pulchérie, mke wangu, amerudi akisema kiti cha nyuma kinanesa. Nimemuuliza amejuaje. Ameingia jikoni.

Jumatatu, 3 Julai

Balaa. Mzee Iddy, mwenye maboti, anamuoza binti yake Yasmina tarehe 15. Bwana arusi ni wa Fizi, kule juu. Safari hiyo nimeingojea tangu mwaka jana. Asubuhi Mzee Iddy amefika mbele ya mlango wangu. Nimeinuka. Nimefunga kifungo cha shati. Amenisalimia vizuri sana, ameulizia mguu wangu, kisha ameingia kwa Isidore.

Mchana Yasmina mwenyewe amekuja kuniomba nisikasirike. "Papa Bertin, ya kwako iko muzuri. Lakini ile, hata babibi-arusi ba muji mukubwa ya Bukavu habana gari ya vile."

Nimemjibu kwamba sijakasirika hata kidogo. Halafu nimekaa chooni mpaka saa kumi.

Jumatano, 5 Julai

Nimepata! Nguvu ya gari lile ni historia yake. Isidore anaisimulia kila siku: eti lilikuja kwa meli kutoka bandari ya Albertville, likashushwa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Mwenye gari alikuwa Mbelgiji mnunuzi wa pamba. Shoferi wake alikuwa Wilfried, babu yake Isidore. Mwaka 1938 gari likafa, Mbelgiji akalitupa, Wilfried akalifunika kwa majani. Watu wanasikiliza na midomo wazi.

Lakini nani ameshuhudia? Babu yangu pia alifanya kazi kwa Mbelgiji huyo. Kwa nini yeye asiwe ndiye shoferi? Kadiri ninavyofikiri, ndivyo ninavyokumbuka zaidi.

Katika kijiji cha Nundu yuko bibi kizee, Koko Anastasie, binti wa aliyekuwa mpishi wa Mbelgiji. Ana miaka tisini na mitatu. Nitamleta aseme mbele ya watu. Nimeandaa kitenge na sukari.

Ijumaa, 7 Julai

Nimemleta Koko Anastasie kwa gari langu. Njiani nimemkumbusha babu yangu alivyokuwa akishika volani na kuligeuza gari kwenye kona. Ameitikia kila kitu kwa kichwa. Kosa langu ni moja: sikugundua kwamba alikuwa anasinzia.

Kwa Isidore watu walijaa. Nimemwomba Koko atuambie babu yangu alikuwa nani kwa gari hili. Ameshika taa. Amelia kidogo. Kisha amenigeukia.

"Shoferi alikuwa Wilfried. Babu yako, mujukuu, alikuwa mulinzi wa nyumba. Siku Wilfried alivaa kofia ya shoferi, babu yako hakulala tena. Ni yeye alimwanga maji ya ziwa mu tangi. Gari ikakufa palepale. Sisi batoto tulimuona. Tuliogopa kusema."

Halafu kicheko. Mzee Iddy amecheka mpaka ameshika ukuta.

Isidore hakucheka. Amesema miaka sita alikuwa akijiuliza kutu ile ilitoka wapi ndani ya tangi. Amenishukuru kwa kuleta kipande cha historia kilichokosekana. Amenishukuru! Ameandika jina la babu yangu katika daftari lake, herufi kwa herufi, akiniuliza kama amepatia. Koko amekula kwake. Kitenge ameondoka nacho.

Maskini babu. Kuharibu gari la watu kwa sababu ya kofia! Namshukuru Mungu tabia ile haikunifikia mimi.

Jumatatu, 10 Julai

Mpango mpya: urafiki. Nimekwenda kumsaidia Isidore kung'arisha. Siku tano kabla ya arusi, mtu aliye karibu na gari anaweza kuona mengi. Kasoro, kwa mfano. Nikiona kasoro, ni wajibu wangu kumwambia Mzee Iddy.

Isidore alikuwa amezungusha chuma cha kuwashia mbele ya gari, injini inanguruma. Ameingia nyumbani kutafuta grisi. Nimepanda. Nilitaka kujua tu kiti kinanesaje. Kinanesa. Nimeshika volani. Bamama wawili wamepita na masufuria, wameniita shoferi. Nimewapungia. Nimesukuma mbele mkono wa freni unaolizuia gari, kidogo tu.

Gari limeanza kuteleza mbele, polepole. Hakuna shida! Mimi ni shoferi wa miaka thelathini. Nimekanyaga pedali ya katikati.

Katika gari lile pedali ya katikati si freni. Ni ya kurudi nyuma! Nani alifikiria kitu kama hicho? Kadiri nilivyokanyaga, ndivyo lilivyorudi. Nami nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Limepasua ua wa matete, limeingia kwangu, limesimama lilipopata kitu cha kulisimamisha. Kitu hicho kilikuwa gari langu jeupe.

Langu: taa moja imevunjika, rejeta ya maji imepinda. La Isidore: alama moja, imetoka kwa kitambaa.

Isidore ameuliza kama nimeumia. Halafu ameleta nyundo zake na ameninyoshea rejeta, saa mbili nzima, bila kusema neno baya. Ndivyo alivyo. Hana huruma.

Jumamosi, 15 Julai

Arusi. Wiki nzima nimewaambia watu kwamba gari la miaka tisini na tisa haliwezi kupanda kwenda Fizi. Leo nimebeba kamba na nimefuata msafara. Likikwama, mimi nitakuwa pale. Yasmina atahamia kwangu. Nimefunga utepe mpya.

Na limekwama! Katikati ya mlima injini imekohoa mara tatu, imezima. Nimepiga kelele Aleluya katikati ya arusi ya Waislamu. Nimesingizia chafya.

Nimekwenda na kamba yangu mkononi. Isidore hakuwa na haraka. Ameeleza kwamba gari lile halina pampu. Benzini inashuka yenyewe kutoka tangi la chini ya kiti. Mlima ukiwa mkali, injini inabaki juu ya tangi, na benzini haipandi. Dawa ipo tangu zamani, Wilfried aliijua. Ameachia gari lishuke mpaka penye nafasi, ameligeuza, amewasha. Kisha amepanda mlima kwa kurudi nyuma.

Kinyumenyume! Yasmina ameketi anatutazama sisi tunaomfuata. Mabibi arusi wote huwa tunasindikiza visogo vyao. Huyu tumemwona uso njia nzima, anacheka, anapunga mkono. Vigelegele havikukoma. Familia mbili zimekwisha kuomba mabinti zao nao wapandishwe kinyumenyume!

Mimi nilikuwa wa kwanza nyuma yake, uso kwa uso. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeona moshi wa gari langu kabla yangu.

"Simameni! Papa Bertin anaungua!"

Ilikuwa rejeta ileile iliyopinda, inachemka. Hakuna aliyeungua. Lakini gari langu halikuweza kuendelea, na nafasi ilikuwa moja tu, kati ya shangazi wawili wa Yasmina. Nimepanda Fizi ndani ya gari la Isidore, nikitazama gari langu jeupe likipungua pale chini mpaka likawa kama yai.

Kwenye karamu Isidore amesimama. Amewaambia watu wa Fizi kwamba babu yake na babu yangu walikosana kwa ajili ya gari hili, na hiyo inatosha. Amesema atanifundisha pedali zote tatu. Bibi arusi wa leo wake, wa kesho wangu, kofia moja, kwa zamu. Watu wamepiga makofi. Amenipa mkono. Nimeushika. Sikuuachia upesi. Nadhani ni mafuta ya pilau, yanaganda.

Jumanne, 18 Julai

Nimefikiri siku tatu. Sasa ninaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Gari langu lilikuwa jipya mno!

Pedali za Isidore nimezikataa kwa adabu. Shoferi wa zamu, mimi? Jana nimekwenda Lulimba kwa bwana mmoja, Bienfait, ambaye ana kitu cha zamani zaidi. Anasema ni cha mwaka 1919. Miaka mitano mbele ya Isidore! Kilikuwa na mti katikati, tumeukata. Bienfait alitaka gari langu jeupe kwa kubadilishana. Tumemalizana haraka, kabla hajageuza mawazo.

Kimefika leo mchana juu ya lori. Wanaume wanane wamekishusha. Nimesimama mbele ya mlango wangu, kifungo cha shati kimefungwa, nangojea watu wa Baraka wajae.

Isidore amekuja wa kwanza. Amekizunguka mara mbili. Amechuchumaa, amechungulia chini, amepangusa kutu kwa kidole. Kisha ameniambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, kwamba anadhani ni mashine ya kuchambulia pamba.

Wivu! Hata kabla sijakiosha!

Nimemwita Pulchérie atoke aone mwenyewe mtu anavyoteseka kwa mali ya jirani. Ametoka. Amekitazama kwa muda mrefu. Ameuliza magurudumu yako wapi.

Sikuamini. Hata yeye ana wivu.